Nyimbo nne, dakika 17

Usiku huu nimeisikiliza Blood Bank mara tatu mfululizo, taa nimezima. Sikukusudia. Nilikuwa napekua daftari la zamani kutafuta jambo jingine kabisa, nikaangukia ukurasa wa Januari 2009, niliouandika wiki ile ile mwanamuziki Bon Iver alipoitoa EP hiyo, yaani rekodi fupi kuliko albamu. Wino umeanza kupauka. Niliandika: "Nzuri, lakini ni mabaki." Na kuhusu wimbo wa nne, Woods, niliandika maneno mawili tu, "kwa nini", nikayapigia mstari mara mbili.

Mistari ile miwili ndiyo imeninyima usingizi.

Nilikuwa nimetoka kuipenda mno albamu iliyotangulia. Justin Vernon, mwenye jina hilo la Bon Iver, alijifungia kwenye kibanda cha babake katika misitu ya Wisconsin, Marekani, majira ya baridi ya 2006 kuingia 2007. Bendi yake ilikuwa imevunjika, mapenzi yamevunjika, na alikuwa ametoka kuugua. Akatoka humo na For Emma, Forever Ago, nyimbo 9. Kwanza aliitoa mwenyewe mwaka 2007, kisha mwaka uliofuata lebo ya Jagjaguwar ikaipeleka mbali. Wahakiki waliikumbatia, nami nilikuwa pamoja nao. Ila kisa cha kibanda kilinoga hata kikaanza kuufunika muziki wenyewe. Ilikuwa nadra kukuta uhakiki usioanza na theluji.

Ndipo ikaja Blood Bank. Nyimbo nne, kama dakika 17 zote kwa pamoja. Haikupokewa vibaya, wala sitaki kumsingizia mtu. Wengi waliisifu, hasa wimbo uliobeba jina la EP, ule wa watu wawili wanaotazama mifuko ya damu kwenye benki ya damu, na baadaye gari limekwama kwenye theluji. Lakini nikikumbuka nilivyokuwa nikisoma wakati ule, na nikiutazama ukurasa wangu, naona sote tulishika mizani moja. Tuliipima kwa albamu. Je, inafanana na ile ya kibandani? Je, bado ana kitu, au ndiyo mgema keshasifiwa? Hata sifa zenyewe zilikuwa za namna hiyo: inatosha kutusogezea siku mpaka albamu ya pili. Mtoto anaingia mlangoni, na kabla hajafungua kinywa anaulizwa ndugu yake mkubwa hajambo.

Rekodi fupi inayofuata albamu kubwa huwa na bahati hiyo. Sun Giant, EP ya bendi ya Fleet Foxes ya mwaka 2008, ilikuwa na bahati nzuri zaidi: Pitchfork, jarida la muziki la mtandaoni, walipochagua albamu bora ya mwaka waliiweka pamoja na albamu ya bendi hiyo, nafasi ya kwanza, zote mbili kwa mpigo. Nilifurahi sana siku ile. Leo najiuliza kama kuna aliyeisikiliza peke yake baada ya hapo.

Nirudi kwa Woods. Hakuna gitaa, hakuna ngoma, hakuna piano. Ni sauti tupu ya Vernon iliyopitishwa kwenye Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti ya mwimbaji, mistari michache inayorudiwa na kurudiwa. Inaanza moja, imekauka kidogo, kama mtu anayejisemea. Inakuja ya pili juu yake. Halafu nyingine, halafu nyingine, kila moja ikiingia pale ambapo iliyotangulia inavuta pumzi, mpaka zinajaa na huwezi tena kusema ipi ni mtu na ipi ni mashine. Anaimba habari za kuwa msituni peke yake, na kadiri anavyozidi kuuimba upweke huo ndivyo chumba kinavyozidi kujaa watu, na wote ni yeye. Mwaka 2009 sikusikia hata kidogo. Auto-Tune ilikuwa imeenea kila redio, na mimi niliyekuwa nikiutetea muziki wa gitaa la mbao kama mtu anayelinda mpaka niliona nimesalitiwa. Nilitaka kibanda. Kumbe kibanda kilikuwa mle mle, kwenye wimbo niliouuliza kwa nini.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 2010 rapa Kanye West aliichukua sauti ile ya Woods, akafungua nayo wimbo wake Lost in the World, karibu na mwisho wa albamu yake My Beautiful Dark Twisted Fantasy, na Vernon mwenyewe akaenda Hawaii kurekodi naye. Mwaka 2016 ikaja 22, A Million ya Bon Iver, albamu nzima ya sauti zilizokunjwa na kupindwa kwa mitambo, na watu wakageuka nyuma kutafuta ilikotokea. Wakaikuta Woods. Tangu hapo Blood Bank inasemwa kwa heshima: mbegu, daraja, dalili ya yaliyokuja. Mwaka 2020 ilitolewa upya, ikaongezwa nyimbo zile zile nne zikiimbwa jukwaani.

Nilikuwa nimeanza kuandika hapa kwamba basi haki imetendeka. Nimefuta. Kwa sababu nikiitazama vizuri hukumu hii mpya naona ni ile ile ya zamani iliyogeuzwa upande. Kwanza iliitwa mabaki ya albamu iliyopita, sasa inaitwa mbegu ya albamu iliyofuata. Bado haijaulizwa yenyewe ni nini. Na heshima hiyo imeiangukia Woods peke yake, kwa kuwa ndiyo iliyoazimwa na mtu maarufu. Nyimbo tatu zilizobaki zinasubiri nje.

Hiyo ndiyo sababu nimeirudia mara tatu, na mara ya tatu nimeanza na Babys, ambao hakuna aliyeuazima. Piano inapiga noti zile zile, haraka, bila kupumzika, kama mvua juu ya bati, na sauti inaelea juu yake taratibu, haina haraka yoyote. Anaimba kuhusu kiangazi. Mtu tuliyemgandisha kwenye theluji kwa mwaka mzima anaimba kuhusu kiangazi na watoto, na sikumbuki kuliona hilo, wala ukurasa wangu haukulitaja.

Kisha Beach Baby, mfupi kuliko zote, hata dakika tatu haufiki. Gitaa na sauti ya chini chini. Zamani niliuona ndio unaofanana zaidi na For Emma, nikaupita kwa sababu hiyo hiyo. Karibu na mwisho maneno yanakwisha na linaingia gitaa la kuteleza, lile ambalo noti zake hazikatiki, zinaburutwa kutoka moja hadi nyingine. Linasema kidogo tu. Linapanda, linakaa juu pale pumzi moja, linashuka kabla hujalizoea. Usiku huu limenitoa machozi. Nimelirudisha nyuma, nikalisikiliza tena, likanitoa tena.

Sasa ni saa nane na robo usiku. Daftari liko wazi mbele yangu na nimechukua kalamu. Neno "mabaki" sijalikata, maana ndivyo nilivyosikia wakati ule na sina sababu ya kujificha. Ila chini ya "kwa nini" palikuwa na nafasi ya mstari mmoja, nami nimeandika: "Beach Baby, karibu na mwisho, gitaa." Nimeweka na tarehe ya leo.