Siku moja maishani mwangu: napima kelele za ekzosi Hombolo

Saa 11 alfajiri nishaamka, leo Jumamosi kuna jamaa wanakimbiza magari kwenye eneo moja la vumbi upande wa Hombolo na mimi ndo mpima sauti wao. Chai ya rangi chapati mbili, nabeba mita ya kupimia sauti, stendi, futi, betri za akiba na ile sponji ya kufunika maiki, maana upepo wa Dodoma mnaujua wenyewe.

Saa 12 na nusu nipo site. Kabla gari halijafika naweka kalibreta kwenye maiki, inatoa mlio mmoja wa 94 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) na mita lazima isome hiyo hiyo, isiposoma narekebisha. Hapa siharakishi hata kidogo. Halafu napima ukimya wa pale, 41 dB, ndege na kengele za mbuzi tu.

Saa 1 naenda nyumba ya karibu, kwa mama mmoja mwenye mizabibu. Nikamsalimia kwa Kigogo, mbukwenyi mama, shikamoo. "Marahaba mwanangu, leo wanaacha saa ngapi, mjukuu wangu ana homa hajalala." Nikamwambia saa 9 mwisho, nitasimamia mwenyewe.

Saa 2 foleni imeanza. Gari linasimama mahali pa wazi mbali na ukuta, maiki nusu mita kutoka mdomo wa bomba, pembe nyuzi 45 ili moshi usipulize maiki, urefu sawa na bomba lenyewe. Dereva anashikilia robo tatu ya rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) ambazo injini inatoa nguvu yake yote, kikomo chetu ni 105, ndo kile kile cha viwanja vingi vya Uingereza kwa gari lililosimama.

Ikaja Subaru moja ya bluu, sailensa ya nyuma imetolewa yote. Nguvu yake ya juu ipo kwenye 6000 kwahiyo nikamwambia shikilia 4500, mita ikapanda 102, 106, ikatulia 108. Dogo akashuka na simu, "bro mbona app yangu inasoma 97!" Nikamwelewa, kaendesha kutoka Singida usiku kucha, lakini maiki ya simu imetengenezwa kwa ajili ya kuongea, sauti ikizidi sana inaibana yenyewe. Na 108 kwa 105 watu wanaona kama vimepishana kidogo tu, kumbe kila 3 dB nguvu ya sauti inakuwa mara mbili, yani Subaru yake peke yake ni sawa na magari mawili yaliyopo kwenye kikomo yanayonguruma pamoja. Tukakaa chini ya gari yeye na mimi na fundi mmoja, wakafunga kizibo cha chuma chenye matundu mdomoni mwa bomba, bolti ya kukishika ikapotea kwenye vumbi tukaitafuta robo saa nzima. Kurudia: 104. Akanikumbatia na mafuta yake yote mikononi.

Saa 5 upepo umeamka, sponji inatikisika, namba zinaruka zenyewe hata gari halijawashwa. Nikasimamisha upimaji. Wawili wakanuna, sawa, lakini siwezi kumkatalia mtu kwa kelele ya upepo.

Saa 7 ugali na mlenda, fasta.

Saa 8 upepo umeshuka kidogo, nahamia kwenye uzio upande wa yule mama. Kwa hesabu ya kawaida sauti inashuka 6 dB kila umbali ukizidishwa mara mbili, kwahiyo 105 ya pale nusu mita kutoka bombani, ukifika mita 64 ni kama 63. Ila hiyo ni gari moja lililosimama, likiwa mbioni injini inabeba mzigo na yakiwa matatu pamoja ni habari nyingine, ndo maana siamini kipimo cha asubuhi peke yake. Leo yakipita kwa pamoja nimesoma 71, nikawaambia yapungue yawe mawili mawili na wakakubali.

Saa 9 kamili bendera imeshuka. Nikarudisha kalibreta: 93.9, namba zote za leo zinasimama. Nikapita kwa mama kumwambia wamemaliza, akaniwekea kidole mdomoni, mjukuu kalala.