Safari Ambazo Hazikufanyika

Nimekuwa nikiipitia upya sura ya utafiti wangu inayohusu matumizi ya data ya simu katika mipango miji, na kila ninapoisoma narudi kwenye swali lilelile: mpangaji anayetegemea data hiyo anampangia nani mji? Kumbukumbu za mawasiliano kati ya simu na minara huonyesha, kwa wepesi ambao dodoso la kaya haliwezi kuufikia, watu wanakotoka asubuhi, wanakoelekea na barabara zinazoelemewa. Nimezitumia mwenyewe na sina nia ya kuzibeza. Hata hivyo, zinarekodi safari zilizofanyika tu. Mzee anayebaki nyumbani kwa kuwa kituo cha basi kiko mbali, au mwanamke aliyeacha kazi ya zamu ya usiku kwa sababu njia haina taa, hana safari ya kuhesabiwa. Na njia mpya ya basi ikichorwa kwa kufuata hesabu hiyo, itawahudumia zaidi wale ambao tayari wanafika waendako.

Wanafunzi wangu huwa nawapa mfano wa jiji la Boston, Marekani, na programu yake iitwayo Street Bump, iliyotumia kihisi cha mtikiso kilichomo kwenye simu kutambua mashimo barabarani bila dereva kubonyeza chochote. Ufundi wake ulikuwa mzuri (nakiri kwamba niliuonea wivu). Tatizo ni kwamba mitaa yenye magari na simu janja nyingi ndiyo ingetoa taarifa nyingi, hata kama barabara zake si mbovu kuliko za mitaa ya watu maskini. Wahusika walilitambua hilo, wakaanza kwa kuwapa programu hiyo wakaguzi wa barabara wa jiji, ambao kazi yao huwafikisha katika mitaa yote. Kilichopunguza upendeleo hapo ni uamuzi wa kiutawala kuhusu nani abebe simu, wala si hesabu bora zaidi.

Barcelona nayo, ilipoanza kutumia jukwaa la mtandaoni la Decidim mwaka 2016 kukusanya mapendekezo ya wakazi, iliendelea pia kuitisha mikutano ya ana kwa ana.

Mhakiki mmoja wa sura hiyo amependekeza niliondoe dodoso la kaya katika utafiti wangu, akisema ni ghali na limepitwa na wakati. Kuhusu gharama hajakosea. Nitalibakiza, na swali la mahali ambapo mtu angependa kwenda lakini haendi, ambalo lilikuwa ukurasa wa mwisho, nitalihamishia wa kwanza.