Kupima ramani kwa kompyuta: anza na skeli, kisha chagua mstari

Programu ya kupimia ramani za majengo, ili kukadiria vifaa vya ujenzi, haikosei hesabu. Inapima kilekile ulichobofya, kwa skeli uliyoipa, yaani uwiano wa urefu wa kwenye karatasi na urefu halisi. Kwa hiyo makadirio yakiharibika, mara nyingi yameharibikia sehemu mbili tu: wakati wa kuweka skeli, au wakati wa kuamua ni mstari upi wa kufuata.

Usiiamini skeli iliyoandikwa pembeni mwa ramani. "1:100" iliandikwa kwa karatasi ya A1. Ramani hiyohiyo ikitolewa kwenye A3, ambayo pande zake ni nusu ya zile za A1, inakuwa 1:200, kila urefu unasomeka nusu na kila eneo robo. Kosa hilo angalau linajionyesha. Linaloumiza ni lile la faili lililobanwa kidogo ili lienee kwenye karatasi, tuseme kwa asilimia 97. Kwa macho huoni kitu, lakini eneo hubanwa mara mbili: 0.97 × 0.97 ni 0.94. Jamvi, yaani sakafu ya zege, la mita za mraba 200 litasomeka 188, na kwa unene wa milimita 150 umeshapoteza karibu mita za ujazo 1.8 za zege kabla hujapima ukuta hata mmoja.

Weka skeli kwa kipimo kilichoandikwa, na uchukue kirefu kuliko vyote, kwa kawaida kile cha kutoka mhimili wa kwanza hadi wa mwisho (mihimili ni ile mistari ya kuongozea inayopita kwenye ramani nzima). Ukitumia upana wa mlango wa milimita 900 na kubofya kwako kukakosea milimita 10, umeingiza kosa la zaidi ya asilimia 1 kwenye kazi nzima. Kosa hilohilo kwenye mita 12 halifiki hata asilimia 0.1. Kisha pima kipimo kingine kilichoandikwa, safari hii cha wima. Ramani iliyoskaniwa huweza kuvutika upande mmoja, na kama kipimo cha mlalo kinakubali huku cha wima kinakataa, weka skeli mbili tofauti ikiwa programu inaruhusu, la sivyo omba faili lililotoka moja kwa moja kwenye programu ya kuchorea. Faili la namna hiyo lina faida nyingine: kishale hunata chenyewe kwenye kona.

Angalia pia michoro midogo iliyo kwenye ukurasa huohuo. Mchoro wa msingi wa 1:20 ukipimwa kwa skeli ya 1:100 hukuza kila kitu mara tano, na msingi wa milimita 600 unasomeka mita 3. Kila mchoro uwekewe eneo lake na skeli yake.

Sasa kuta. Hapa ndipo kazi ilipo. Chukua nyumba ya mita 12 kwa 9, kuta za milimita 200. Mzingo wa nje ni mita 42. Mzingo wa ndani ni 40.4. Mstari wa katikati ya ukuta ni 41.2, yaani 42 kutoa mara nne ya unene. Tofali na zege la msingi hufuata mstari wa katikati. Plasta ya ndani hufuata mzingo wa ndani. Ukipima tofali kwa mzingo wa nje na ukuta una kimo cha mita 3, umeongeza mita za mraba 2.4, ambazo ni tofali 30 kwa tofali za milimita 400 kwa 200 pamoja na udongo wa kuungia. Hata nyumba iwe na umbo la L, bado unatoa mara nne tu, kwa sababu kila kona inayoingia ndani hufuta moja ya zile zinazotoka nje.

Kuta za ndani zipime kutoka uso hadi uso, vinginevyo kila makutano yanahesabiwa mara mbili. Msingi wake ni mfupi zaidi: kama msingi ni milimita 600 na ukuta 200, punguza milimita 200 nyingine kila ncha inapokutana na msingi mwingine.

Usikatize mstari kwenye milango na madirisha. Ukikatiza, unapoteza ukuta ulio juu ya linta (boriti ya juu ya mlango au dirisha) na ule wa chini ya dirisha, na msingi unaopita chini ya mlango bila kukatika. Pita moja kwa moja, kisha toa uwazi kwa idadi: mlango wa 0.9 × 2.1 ni mita za mraba 1.89.

Kuhesabu alama kwa kutafuta kiotomatiki ni kuzuri, ila programu nyingine huruka mlango uliogeuzwa au unaofungukia upande wa pili, na huhesabu alama ya kwenye ufunguo wa ramani kama mlango halisi. Linganisha na jedwali la milango. Visipolingana, muulize msanifu kwa maandishi.

Paa huwapotosha wengi. Eneo unalochora ni la bapa, na lazima lianzie kwenye ukingo wa paa, si kwenye ukuta. Nyumba yetu ikiwa na upenu wa milimita 600 inatoa 13.2 × 10.2, mita za mraba 134.6. Kwa mteremko wa nyuzi 30 zidisha kwa 1.155, unapata 155.5. Kofia, yaani vifuniko vya maungio ya paa, za juu kabisa zimelala bapa, urefu wake hauzidishwi. Za kwenye kona, miteremko miwili inapokutana, huzidishwa kwa 1.08, si 1.155, kwa sababu mstari wa kona hupanda kimo kilekile kwa safari ndefu zaidi.

Toleo jipya la ramani likija, usihamishie alama zako juu yake kwanza. Liweke juu ya la zamani kwa rangi mbili, uyalinganishe kwenye makutano mawili ya mihimili yaliyo mbali, na upime upya palipobadilika tu. Faili la zamani libaki na alama zake zote, maana mteja akiuliza kwa nini zege limeongezeka, jibu liko humo.