Siku moja na nyanya zangu za uani, Sahare

Riziki yangu ni cherehani, lakini siku yangu huanza na kuisha kwenye nyanya. Bustani iko uani, matuta manne na safu ya viroba vya salfeti vilivyoegemea ukuta. Leo ni Agosti, kusi linavuma, na matunda ndiyo kwanza yanaiva kwa wingi. Naandika siku hii kwa sababu hapa Tanga watu wameshaamini kwamba nyanya ni mali ya Lushoto, zishuke na malori kupitia Mombo, sisi wa pwani tununue tu. Pwani zinakubali. Ila zina majira yake, na zinataka mtu wa kuziangalia kila siku.

Saa 11 na nusu alfajiri

Nikishaswali naingia bustanini na tochi ya simu. Sishiki jembe wala keni, nageuza majani tu, moja baada ya jingine, kuanzia chini. Namtafuta kantangaze. Ni nondo mdogo wa kijivu anayeruka usiku na kutaga kwenye majani, na kiwavi wake akianguliwa hajikalii juu ya jani. Hupenya katikati, akala nyama ya jani na kuacha ngozi mbili, ya juu na ya chini. Ndiyo maana natumia tochi. Ukiimulika kutoka nyuma, sehemu aliyokula inang'aa, na ndani yake unaona vidoti vyeusi vya kinyesi na kiwavi mwenyewe, rangi ya kijani iliyopauka, akijikunja kukwepa mwanga.

Asili yake ni Amerika Kusini. Alionekana Hispania mwaka 2006, akashuka Afrika, na hapa Tanzania akabainika mwaka 2014. Tangu hapo amewatia wakulima hasara kubwa, kwa kuwa akiwa ndani ya jani dawa nyingi hazimfikii, na zile zinazomfikia ameshazizoea nyingi. Mwenye ekari tano hawezi kugeuza kila jani. Mimi wa uani naweza, na hiyo ndiyo faida yangu kubwa kuliko zote. Jani lenye kiwavi nalichuma na kulitia kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko, naiweka juani mpaka kila kilichomo kife. Siyatupi kwenye shimo la mboji hata siku moja, maana huko nondo atatoka na kurudi.

Leo nimechuma majani kiasi cha gao moja. Si vibaya.

Saa 12 na nusu

Maji. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nyanya nyingi za nyumbani hufa au huharibika kwa maji kuliko kwa wadudu.

Kila shina lina chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako, ikafukiwa kichwa chini karibu na mzizi, na kifuniko chake kimetobolewa kwa sindano ya moto. Najaza chupa, maji yanashuka polepole kulikokusudiwa, na jani halilowi. Jani likilala na unyevu, bakajani, ugonjwa wa ukungu, anakaribishwa. Juu ya udongo nimetandaza makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Pwani hatukosi makumbi, na udongo wetu huu wa kichanga bila matandazo unakauka kabla ya adhuhuri.

Kisima cha nyumba ya pili kina maji mengi lakini yana chumvichumvi. Nyanya inavumilia chumvi kidogo, tena tunda hutoka dogo na tamu zaidi, lakini ikizidi mizizi inashindwa kunyonya na matunda yanaoza kitako. Kwa hiyo nayatumia pale tu bomba linapokauka, tena nimeyachanganya na ya mfereji.

Kuoza kitako kwenyewe kunawasumbua wengi. Unaona tunda zuri, ukiligeuza chini lina doa la kahawia lililobonyea, baadaye jeusi, gumu. Watu hukimbilia dawa ya ukungu. Hakuna ukungu hapo mwanzoni. Ni kalsiamu kutofika kwenye tunda, na inayoipeleka ni maji. Ukinywesha sana leo, ukasahau siku mbili, kisha ukamwaga ndoo nzima kwa huruma, tunda linakosa kalsiamu wakati linapokua. Kufukia maganda ya mayai ili kuongeza kalsiamu sikatazi, ila yanachukua muda mrefu kuoza, na wala hayatibu tunda lililokwisha kuharibika. Tiba ni kipimo kilekile cha maji, kila siku, saa ileile.

Saa 2 asubuhi

Umande umekauka, jua halijawa kali: saa ya kuchuma.

Nina aina mbili. Tanya ni fupi, inajaza matunda kwa pamoja kisha inachoka. Tengeru 97 ni ndefu, inaendelea kupanda na kuzaa, ngozi yake ngumu na tunda linakaa. Zote mbili zilitolewa kwa wakulima mwaka 1997 na zimetoka kwenye utafiti wa Tengeru kule Arusha. Kwa bustani ndogo napenda zaidi Tengeru, kwa sababu inanipa kidogo kidogo kwa wiki nyingi, na mchuzi unapikwa kila siku.

Sisubiri tunda liwe jekundu lote kwenye mti. Likianza kupiga rangi tu pale kitakoni, waridi hafifu juu ya kijani kilichofifia, nalichuma. Kikonyo kina kifundo katikati. Unashika tunda kiganjani, unabonyeza kifundo kwa dole gumba, kinakatika chenyewe bila kuvuta tawi. Anayevuta hurudi na tawi lenye maua mkononi.

Tunda lililoanza kubadilika lina hewa yake yenyewe ya kuivisha, ethilini, kwa hiyo litaendelea kuiva ndani ya nyumba na ladha haipotei. Ukiliacha nje utagombania na ndege, na jua likilipiga linapauka upande mmoja. Kuna jambo jingine la joto: likizidi nyuzi 30 ile rangi nyekundu haitengenezwi vizuri. Ndiyo sababu nyanya za miezi ya kaskazi, Januari na Februari, zinaiva zikiwa za manjano ya chungwa hata ukizingoja vipi. Kivulini ndani ya ungo, zilizotandazwa bila kupandana, zinashika rangi sawasawa. Nikitaka haraka naziweka na ndizi mbivu. Friji siziwekei, baridi kali inaua harufu yake na nyama inakuwa ya ungaunga.

Saa 3

Mama ntilie wa kule mwaloni anapita kila asubuhi kabla hajaenda kununua samaki.

"Hodi fundi! Umeamkaje?"

"Salama dada, karibu. Za nyumbani?"

"Njema. Nipe sado mbili, lakini usinipe bei ya kiangazi."

Anachagua mwenyewe, simzuii. Akageuza moja mkononi, akauliza: "Hizi umezipiga dawa lini?"

Natamani kila mnunuzi wa nyanya nchi hii aulize hivyo. Nilimjibu kwamba zimenyunyizwa mwarobaini tu, na si jana. Lakini jibu kamili ni refu. Kila dawa ya dukani imeandikwa siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Zipo za siku 3, zipo za 7, zipo za 14, na mwenye shamba linaloiva haraka huku mnunuzi amesimama na pesa anashawishika kupiga leo na kuchuma kesho. Nyanya hatuimenyi. Tunaikata na ngozi yake, tunaweka kitunguu, ndimu na pilipili, kachumbari inaliwa mbichi, na wa kwanza kuidokoa ni mtoto. Kuosha kunasaidia kwa kilichobaki juu, ila dawa zinazopenya ndani ya mmea hazioshwi. Simlaumu mkulima mwenye deni la pembejeo. Ila mimi ninayelima uani, nikiwa nalisha watu ninaowajua kwa majina, sina udhuru wowote.

Zilizobaki nimempa kijana wa jirani apeleke soko la Mgandini kwa bajaji, kwa dada mmoja mwenye meza pale. Nimempangia kwenye boksi, tabaka mbili tu, gazeti katikati. Zikipandana tabaka tano, za chini zinafika zimepasuka.

Saa 4

Narudi bustanini kwa muda mfupi. Hii ndiyo saa ya maua, yamefunguka na unga wake umekauka. Ua la nyanya lina dume na jike pamoja, halihitaji ua la pili, linahitaji kutikiswa tu ili unga udondoke ndani. Upepo wa kusi unafanya sehemu kubwa ya kazi. Nami napita nikigonga kila mti wa kuegemezea kwa fimbo.

Yupo msaidizi mwingine, yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa. Watu humwua kwa ajili ya mbao zao. Leo nilisimama kumtazama: ananing'inia chini ya ua, anatulia, halafu anatetemesha mwili wote kwa mlio mzito, na unga wa manjano unamwagika tumboni mwake. Nyuki wa asali hana uwezo huo wa kutetemesha. Nimeacha gogo kuukuu la mwembe kwenye kona ya ukuta makusudi, atoboe hilo.

Hapohapo nakata machipukizi yanayoota kwapani mwa matawi ya Tengeru, na majani ya chini yanayogusa udongo. Kidonda kikikatwa asubuhi kinakauka kabla ya usiku. Mashina nayafunga kwa vipande vya jezi na pamba vinavyobaki kwenye ushonaji, maana ni laini na vinavutika, havikati shina linaponenepa. Kamba ya juu ni katani. Mji huu umekulia kwenye mkonge tangu ule wa kwanza ulipoletwa mwaka 1893 na kupandwa upande wa Pangani, na bado sijaona kamba ya nailoni inayoishinda katani kwa kazi hii. Msimu ukiisha naikata pamoja na mashina, inaoza.

Saa 5 mpaka saa 9

Cherehani. Sare za shule mbili, gauni moja la harusi linalotaka kupunguzwa kiunoni. Mama mkwe kapika papa wa nazi na wali, nyanya tatu za juzi ndani yake. Tumekula, nimerudi kwenye gauni.

Saa 10 na nusu jioni

Jua limelegea. Ndoo ya majani ya mwarobaini niliyoyatwanga jana na kuyaloweka usiku kucha imekuwa ya kijani kizito. Nachuja kwa kitambaa, natia sabuni ya maji kidogo ili ishike kwenye jani, nanyunyiza hasa upande wa chini walikojificha inzi weupe. Hufanywa jioni kwa sababu jua kali linaivunja nguvu. Mwarobaini hauui papo hapo. Unawakatisha wadudu hamu ya kula, na wachanga wanashindwa kukua. Anayetaka kuona maiti zimelala chini ya mche ataona umemdanganya.

Mche mmoja nimeukuta umejikunja majani ya juu, madogo, ya manjano pembeni. Hiyo ni rasta, ugonjwa wa virusi, na wanaoieneza ni haohao inzi weupe. Haina dawa. Nimeung'oa na mizizi yake ingawa ulikuwa na maua tele, nikauchoma pembeni. Mtoto wa jirani kaniuliza kwa nini nauchoma mche wa kijani. Nikamwambia una ugonjwa, na wenzake bado wazima.

Saa 1 na nusu usiku

Kazi ya mwisho ni mbegu. Kutoka kwenye Tengeru nachagua tunda la mche uliozaa vizuri bila kuugua, liive mpaka lilegee. Nalikamua kwenye bilauri pamoja na maji yake na kuliacha siku mbili tatu lichachuke. Ule utelezi unaoizunguka mbegu, unaoizuia kuota, unayeyuka. Nzima huzama, pumba huelea. Zile za chotara zilizoandikwa F1 sizihifadhi, kizazi cha pili kinatoka mchanganyiko.

Jirani alikuja wakati naosha za juzi, akaomba na yeye. Nikamfungia kijiko kimoja kwenye karatasi. Nimemwambia asisie sasa. Asubiri mwishoni mwa Aprili, kitalu kiwe chini ya kibanda cha makuti kisipigwe na masika, na ahamishe miche baada ya wiki nne au tano, mvua zikipungua. Hivyo maua yatakutana na baridi ya Juni na Julai. Kwenye joto la kaskazi, usiku usipopoa, maua hudondoka na mche unabaki majani matupu.

"Nina tuta moja tu," akasema, "na sasa lina bilinganya."

"Basi hapo usipande. Bilinganya, pilipili, nyanya chungu na nyanya ni ukoo mmoja, maradhi yao ni yaleyale. Mnyauko ukishakaa kwenye udongo hautoki kirahisi. Bilinganya yako ikinyauka bado ya kijani, kata shina, litumbukize kwenye glasi ya maji safi. Likitoa uzi mweupe wa maziwa, ndio huo."

"Sasa nifanyeje?"

"Tafuta viroba. Udongo ambao haujapandwa jamii hiyo, debe mbili, samadi iliyoiva debe moja. Ukipata salfeti, njoo nikushonee mishikio."