Dai (vikata thredi) za bei nafuu kwenye mashine yangu ya kupukuchua mahindi

Fremu imekamilika. Nilichokwama nacho wiki hizi mbili ni thredi, yaani meno ya bolti na nati. Nilinunua Kisenyi, hapa Kampala, seti ya tapu (hukata thredi ndani ya tundu) na dai (huzikata juu ya chuma cha duara) iliyonigharimu chini ya bei ya tapu moja nzuri ya HSS, chuma bora cha zana. Sijutii, ila imenilazimisha kujifunza upya kazi niliyodhani naijua.

Tapu ya M8 (ya bolti ya milimita 8) ilikatikia ndani ya tundu siku ya kwanza. Kosa lilikuwa langu: M8 ya kawaida, yenye hatua ya milimita 1.25 kati ya jino na jino, hutaka tundu la milimita 6.8, nami nilitoboa kwa biti ya 6.5 kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nayo. Chuma kilichozidi kikaibana. Nikabeba kibao cha chuma, tapu ikiwa bado ndani, hadi Katwe kwa mzee mmoja anayetengeneza vinu. Akakigeuzageuza, akasema, "Hii ni chuma cha kaboni, mwanangu. Ngumu, lakini haipindi, inapasuka tu." Akaigonga kwa panchi, ikatoka vipandevipande. Tapu ya HSS ingetusumbua zaidi.

Dai nayo ilikuwa na lake. Bolti ya kwanza nati iligoma kuingia, na thredi zilikwenda upande. Nilipoitazama vizuri nikaona dai imepasuliwa upande mmoja, na mshikio wake una skrubu tatu: ya kati huitanua, za pembeni huibana. Sasa naanza ikiwa imetanuliwa, kisha nabana kidogo na kupitisha mara ya pili. Ncha ya chuma naipiga tupa kwanza iwe kama penseli, la sivyo dai haishiki sawa. Nazungusha nusu mzunguko mbele, robo nyuma ili vinyuzi vya chuma vikatike, na naongeza mafuta ya kupikia ili dai isikaukiwe. Oili chafu ya pikipiki niliiacha. Nilipoitumia, thredi zilitoka zimechanika.

Nondo msiijaribu. Niliipiga tupa kipande mpaka mbavu zikaisha, bado kikatafuna meno mawili ya dai. Chuma laini cha duara ndicho chake.

Jana bolti nane za M8 zimetoka, nati zinapanda kwa vidole. Imebaki ekseli, M10, tundu 8.5. Biti hiyo nimeshainunua.