Maji Yalipotukimbia Njiani Kwenda Siyu

Kijana mmoja wa gatini Lamu alinitoza shilingi 3,500. Alisema ni boti ya kukodi, nitapanda peke yangu. Kuingia ndani nikakuta watu kumi na mmoja, magunia ya unga, magodoro mawili na mbuzi. Mama niliyeketi naye akaniambia wao wamelipa 500 kila mtu. Kugeuka, kijana ameshapotelea vichochoroni. Naanza na hilo kwa sababu lilinikaa rohoni, na ndilo lililoniharibia maneno yangu baadaye.

Siku tatu za Lamu zilipita vizuri, sina la kueleza. Nilichokitaka ni Siyu, kisiwani Pate. Zamani mji ule uliandika misahafu kwa mkono, ukatengeneza viti vya enzi na makubadhi ya ngozi, na watu wa pwani nzima wakajua kazi ya Siyu wakiiona. Nilitaka kujua nani bado ameshika sindano na nyundo.

Tulichelewa kung'oa nanga, tukimsubiri mtu wa magodoro. Kuingilia Siyu unapita mkondo mwembamba katikati ya mikoko, na mkondo huo haupitiki ila maji yamejaa. Saa nne asubuhi boti ilikwaruza chini, ikasukumwa kwa upondo, ikasogea kidogo, kisha ikalala ubavu kwenye tope. Nahodha alizima mashine. "Mai yamekwenda," akasema, akajifunika kitambaa usoni, akalala.

Maana yake tungekaa hapo mpaka saa kumi. Jua la utosini, tope linanuka, mbu wa mikokoni hawajui kuwa ni mchana. Chupa yangu ya maji ilikwisha mapema. Hakuna aliyelalamika isipokuwa mimi na mbuzi.

Mzee mmoja alifunga turubai kwenye mlingoti, akaniita nije. "Ndoo uketi, mwanangu." Akatoa mfuko wa nailoni, na ndani yake kitambaa cheupe kilichokunjwa ndani ya kitambaa kingine. Ilikuwa kofia ya vito, ile ya matundu ya kushonwa kwa mkono, ukanda wa pembeni tu. Duara la juu hushonwa peke yake, vikaunganishwa mwisho. Mchoro ulikuwa umeshapigwa kwa kalamu hafifu. Mzee alitoboa kitundu kwa sindano nene, akabadili sindano, akauzungusha uzi ukingoni mwa kile kitundu, mzunguko kwa mzunguko, akiubana kila mara kwa ukucha wa dole gumba, mpaka kikabaki kijicho kidogo kinachopitisha mwanga. Kisha kinachofuata. Ukanda ulikuwa na mamia ya vijicho hivyo, na robo yake hivi ilikuwa bado tupu.

Nikamuuliza bei. Akasema ikiisha ni 8,000, na ameianza kabla ya Ramadhani. Nami, na zile 3,500 bado zinaniwasha, nikajibu kwa mazoea ya sokoni: mbona Mombasa kofia zipo za 400? Nikamwambia nitampa 3,000.

Hakukasirika. Akanipa sindano. "Shona tundu moya. Ukimaliza, chukua kwa bei yako." Akanipa kipande kingine cha kujaribia, si ile kofia.

Nilitoboa, tundu likawa kubwa mno. Nikatoboa lingine. Uzi ukajisokota, nikaukata, nikaanza upya. Jasho lilidondoka kwenye kitambaa likaacha doa. Nilipomaliza kijicho changu kilikuwa na pembe tatu, na kivuli cha mlingoti kilikuwa kimehama kutoka goti langu hadi kwenye gunia la unga. Mzee katika muda huo alikuwa ameshona mstari mzima. Hakusema neno, na kunyamaza kwake kulinichoma kuliko sindano.

Nilimkumbuka mama. Kwetu ni Mwala, Ukambani, na mama alikuwa akisuka kiondo huku akitembea kwenda soko la Wamunyu, mzigo mgongoni, nyuzi za mkonge zinaning'inia mikononi mwake, macho yako njiani. Usiku alisokota uzi juu ya paja, na ngozi ya paja lile ikawa laini, haina hata unywele. Karo yangu ya kidato cha kwanza ilitoka hapo. Na kila mwezi alikuja dalali wa viondo, akavishika, akavigeuza, akasema maneno yaleyale niliyomwambia mzee: mbona huko vipo vya bei rahisi. Mama alikuwa akiangalia chini.

Siku hizi kwetu zinafanyika semina za kufufua kazi za mikono. Wasichana wanafundishwa siku tatu, wanapigwa picha na vyeti vyao. Wanajua kusuka, wengi waliletwa na bibi zao wakiwa tayari wanajua. Wanaacha kwa sababu wakigawanya bei ya dalali kwa siku walizokaa, hawapati hata ya sabuni. Sijasikia semina ya wanunuzi. Ningeipeleka familia yangu yote, tuanze na mimi.

Saa kumi na kidogo maji yalirudi, kimya, yakiingia kati ya mizizi ya mikoko. Boti ikanyanyuka, nahodha akaamka kabla ya mtu kumwita. Nilimwomba mzee radhi, nikamlipa 8,000 taslimu, aimalizie kwa wakati wake. Alihesabu, akarudisha 4,000. Nyingine nitalipa nikiipokea, alisema, kofia haijaisha.

Siyu nilizunguka saa moja na nusu tu, giza likinikimbiza. Nilimkuta fundi wa ngozi mmoja barazani, na kijana wake wa miaka kumi na minne hivi akipiga mashimo kwenye kanda za makubadhi. Nilinunua jozi bila kuuliza punguzo. Malazi yalikuwa godoro jembamba na neti iliyotoboka kwa shilingi 1,500, nikalala kama gogo.

Kabla ya kulala nilimpigia mama nikamsimulia yote, mpaka kile kijicho changu cha pembe tatu. Alisikiliza. Halafu akauliza, "Huyo mzee anashona kwa miwani?"

Nikamwambia hapana.

"Basi mwambie aanze kuvaa," akasema. "Mimi nilichelewa."