Usiku wa Fomu 34A: kazi ya raia baada ya kupiga kura

Siasa za 2027 zimepamba moto mapema, na kila upande unahimiza vijana wajiandikishe. Ni vyema. Lakini Wakenya wengi bado tunauona wajibu wa raia kama shughuli ya asubuhi moja: Jumanne ya tarehe 10 Agosti mtu apange foleni, apakwe wino, arudi nyumbani kusikiliza redio. Naamini kazi nzito zaidi huanza saa kumi na moja jioni, milango ya kituo inapofungwa na kura kuanza kuhesabiwa na kuandikwa kwenye fomu za matokeo, na uadilifu wa mtu hupimwa na jinsi anavyoitendea nambari inayouumiza upande wake.

Mwaka 2007 tulijifunza hili kwa damu. Tume ya Johann Kriegler iliyouchunguza uchaguzi ule ilisema mwaka uliofuata kwamba hesabu zilivurugika kiasi cha kutowezekana kujua nani hasa alishinda urais. Kufikia hapo zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameshauawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi. Tarehe 23 Juni 2017 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya mwanaharakati Maina Kiai, iliamua kwamba matokeo yaliyotangazwa mashinani hayawezi kubadilishwa na makao makuu ya tume ya uchaguzi (IEBC) Nairobi. Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu, majaji wanne dhidi ya wawili, ilifuta uchaguzi wa urais, na dosari kubwa zilikuwa katika kupeperusha matokeo na katika fomu zenyewe. Kisha mwaka 2022 picha za fomu kutoka vituo 46,229 zikawekwa kwenye tovuti ya tume, na mtu yeyote mwenye bando akaweza kuzipakua na kujumlisha mwenyewe. Ulinzi wa kura ulikuwa umewekwa mikononi mwa kila raia.

Fomu yenyewe ni karatasi ya kawaida. 34A ni ya matokeo ya urais katika kituo kimoja. 34B hukusanya vituo vya eneo bunge. 34C ni ya taifa. Viti vingine vina zao: 35A ya mbunge, 36A ya mwakilishi wadi, 37A ya gavana, 38A ya seneta, 39A ya mwakilishi wa kike. Kituo kimoja kisheria hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo shule yenye watu wengi huwa na vituo kadhaa, kila kimoja na chumba chake, orodha yake na fomu zake. Watu wengi hukosea hapa: husema "matokeo ya Shule ya Msingi fulani" na kumbe wameona darasa moja kati ya sita.

Aliye na nafasi ya kuwa wakala wa mgombea au chama aichukue kazi hiyo kwa uzito wa kazi ya benki. Awe kituoni kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na barua ya uteuzi, kitambulisho na kiapo cha usiri kilichotiwa sahihi. Abebe daftari la mistari, kalamu mbili, kikokotoo kidogo, tochi, pawabanki, koti, na chakula na maji ya kutoka nyumbani. Chakula nakisisitiza. Wakala aliyeshinda njaa hadi saa mbili usiku ataondoka kula, au atakula cha mtu anayetaka aondoke. Vyama vina lawama kubwa hapa: huwaahidi mawakala posho, huichelewesha, kisha hushangaa fomu zao zikiuzwa.

Asubuhi kabla ya kura ya kwanza, sanduku huonyeshwa likiwa tupu na kufungwa kwa lakiri zenye nambari. Ziandike nambari hizo. Andika pia idadi ya karatasi za kura zilizopokewa kwa kila kiti. Msimamizi wa kituo huziingiza katika shajara ya kituo, nawe ziwe kwako. Mchana kutwa hesabu watu wanaotambuliwa na kifaa cha KIEMS, mashine ya kielektroniki ya kumtambua mpiga kura, na hasa wale wanaosaidiwa kupiga kura. Asiyeweza kuona au kusoma anaruhusiwa kuja na mtu anayemwamini. Msaidizi huyo hujaza Fomu 32 na hawezi kusaidia zaidi ya mpiga kura mmoja. Ukiona uso uleule ukirudi na mama wa tatu, mwite msimamizi papo hapo, kwa sauti ya upole, na uandike saa. Mbinu hii ni kongwe: mtu aliyepewa hongo hujifanya hajui kusoma ili mjumbe wa mtoaji aingie naye na kuona ameweka alama wapi. Picha ya kura iliyotiwa alama hutumika vivyo hivyo, ndiyo maana haifai kupigwa kabisa, hata kwa kujivunia.

Kura ikifika kuhesabiwa, urais hutangulia. Msimamizi hufungua sanduku mbele ya mawakala, hutaja jina lililo kwenye kila karatasi na kuionyesha. Una haki ya kuiona. Kama umekaa mbali, sogea. Weka alama tano tano katika daftari lako, mistari minne na wa tano ukiikata, na funga ukurasa kila ukifika 50 kwa kila mgombea ili ukipotea usirudi mwanzo. Karatasi yenye alama kwa wagombea wawili hukataliwa, na ile isiyoonyesha nia yoyote pia. Alama iliyotoka kidogo nje ya kisanduku haiiharibu kura ikiwa nia ya mpiga kura inaonekana wazi. Hapo ndipo wakala mwaminifu hutambulika: anatetea karatasi ya mpinzani iliyo wazi kwa nguvu ileile anayotumia kutetea yake. Ukitetea zako tu, msimamizi na wenzako wataacha kukusikiliza hata utakapokuwa na hoja ya kweli.

Usitie sahihi fomu tupu. Usitie sahihi fomu iliyojazwa nusu "ili tumalize haraka, mwenzetu". Kwanza fanya hesabu hizi.

Tuseme daftari la kituo lina wapiga kura 612. Mgombea wa kwanza ana 231, wa pili 187, wa tatu 4, wa nne 2. Jumla ya kura halali lazima iwe 424. Zilizokataliwa ni 5, kwa hiyo karatasi zilizotoka sandukuni ni 429. KIEMS ikisema ilitambua watu 430, kuna mtu mmoja aliyeondoka na karatasi yake mfukoni. Hutokea, na iandikwe. KIEMS ikisema 415 na sanduku lina 429, hapo kuna swali zito na hakuna kutia sahihi kabla ya maelezo kuandikwa. Kila mpiga kura hupewa karatasi sita kwa pamoja, hivyo jumla za viti vyote sita zikaribiane sana. Urais ukiwa na kura 429 na ugavana 380, uliza kabla hujaondoka.

Makosa mengi ya usiku hayana hila ndani yake, ni uchovu. Kosa la kawaida ni tarakimu kubadilishana nafasi: 187 ikaandikwa 178. Jumla itatoka 415 badala ya 424, tofauti ya 9. Wahasibu wanaijua ishara hii: tofauti inayogawanyika kwa 9 bila baki, anza kutafuta tarakimu mbili zilizopishana. Tofauti ikiwa 10 au 100 kamili, mara nyingi mtu amekosea kubeba wakati wa kujumlisha. Lakini kuna kosa ambalo kujumlisha hakulioni: nambari za wagombea wawili kuandikwa kila moja kwenye mstari wa mwenzake. 231 na 187 zikibadilishana nafasi, jumla inabaki 424 na kila kitu kinaonekana safi. Dawa yake ni moja tu, kuisoma fomu kwa sauti, jina kwa jina, huku kila wakala akiangalia daftari lake.

Ukiona hesabu haikai sawa, omba kura zihesabiwe upya kabla hujatoka chumbani. Kanuni zinaruhusu wakala kuomba hivyo, ila kuhesabu upya hakuzidi mara mbili, kwa hiyo usiitumie nafasi hiyo kwa hasira. Ukikataa kutia sahihi, andika sababu kwenye fomu. Kukosekana kwa sahihi yako peke yake hakubatilishi matokeo. Anayetoka kwa kishindo bila kuandika lolote amewaachia wengine meza.

Baada ya sahihi, kila wakala apewe nakala, na nyingine ibandikwe hadharani kituoni. Hapa hata asiye wakala ana kazi. Rudi usiku au alfajiri, pamoja na jirani wa upande wa pili ikiwezekana, mpige picha fomu iliyobandikwa. Simu iwe sambamba na karatasi, pembe zote nne zionekane, mwanga utoke pembeni ili using'ae juu ya wino. Piga moja ya ukurasa mzima na nyingine ya karibu inayosomeka jina la kituo na namba yake ya utambulisho. Usikate kingo wala kuongeza rangi. Kisha linganisha na ile iliyo kwenye tovuti ya tume.

Namba hiyo ya utambulisho ni kinga nzuri dhidi ya fomu bandia za WhatsApp, nashangaa haifundishwi zaidi. Ikiandikwa kwa ukamilifu ina tarakimu 15: tatu za kaunti, tatu za eneo bunge, nne za wadi, tatu za kituo cha kujiandikishia, mbili za chumba cha kupigia kura. Mombasa ni 001, Nakuru 032, Kisumu 042, Nairobi 047. Picha inayodaiwa kutoka Kisumu ikianza na 032, ifute. Isiyoonyesha namba yoyote, usiisambaze, hata kama mgombea wako anaongoza ndani yake. Hasa kama anaongoza.

Vilevile jumla za mapema. Mwaka 2022 vyombo vya habari vilipakua fomu kutoka tovuti ileile lakini kwa mpangilio tofauti, na kwa saa kadhaa runinga zikaonyesha viongozi tofauti. Hakuna aliyedanganya, kila kimoja kilikuwa kimejumlisha rundo lake. Jumla ya fomu 10,000 kati ya 46,229 haikuambii mshindi usipojua zimetoka kaunti zipi. Ukituma "tunaongoza" kwenye kundi la ukoo saa nne usiku bila kusema fomu ngapi na za wapi, unawaandaa watu kuamini kwamba wameibiwa kesho yake. Na asilimia huhesabiwa kwa kura halali tu. Zilizokataliwa haziingii, kama Mahakama ya Juu ilivyoamua mwaka 2013. Mshindi wa urais anahitaji zaidi ya nusu ya kura hizo, pamoja na angalau asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24.

Haya yote hayana maana kama kura iliuzwa wiki iliyotangulia. Wapo wanaosema kula kwao, kura pale moyo unapotaka. Siikubali hoja hiyo. Chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 anayetoa hongo na anayepokea wote wanavunja sheria, na adhabu hufika faini ya shilingi milioni mbili, kifungo cha miaka sita, au vyote viwili. Zaidi ya hayo, anayegawa noti ana orodha ya majina, na orodha hiyo ndiyo humpa nguvu ya kumtisha mama mzee kwamba kura yake itajulikana. Unapopokea unaifanya orodha iaminike, ingawa wewe mwenyewe umepiga kwingine. Ukiletewa pesa, kataa mbele ya watu. Ukiombwa kitambulisho "kikae salama hadi Jumatano", usikitoe hata kwa ndugu. Bila hicho, au pasipoti uliyojiandikisha nayo, hupigi kura.

Aliyehama nyumba naye ahamishe kituo mapema, na kila mtu athibitishe jina lake wakati daftari la wapiga kura linapofunguliwa kwa ukaguzi. Wengi hugundua siku ya kura kwamba majina yao yako kaunti nyingine, kisha wanasema wamefutwa.

Matokeo yakishatangazwa, usizifute picha na usitupe daftari. Kesi ya urais hufunguliwa ndani ya siku 7 na Mahakama ya Juu huamua ndani ya siku 14. Za viti vingine hufunguliwa ndani ya siku 28 na kuamuliwa ndani ya miezi 6. Weka picha halisi kama ilivyotoka kwenye simu, maana kila inapopita WhatsApp hubanwa na kupoteza kumbukumbu ya saa iliyopigwa. Wakili akikuita uape hati ya kiapo, eleza ulichokiona katika chumba chako tu, na ukiulizwa kura za mpinzani wako zilikuwa ngapi, mtajie 231 kama ulivyoziandika.